Wanafunzi waelezeje maisha ya wakimbizi bila kumuumiza mwenzao?

Mlezi wa klabu, Kigoma:
Habari zenu, ndugu walimu. Wanafunzi wa klabu ninayoilea wanataka kuadhimisha tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kwa kuwaelimisha wenzao. Mkoa wetu umepokea watu kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi, lakini vijana wengi hapa wanalijua neno "mkimbizi" kama tusi la uwanjani tu. Wamependekeza mwenzao, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, asimame paredini asimulie yaliyowakuta. Nia yao ni njema, ila moyo wangu unasita. Mnanishauri nini?

Mzaliwa wa Katumba:
Mwalimu, nakuomba usimsimamishe. Nimezaliwa Katumba, katika makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na siku yangu ya kwanza ya kidato cha kwanza, katika shule iliyo mbali na kwetu, mwalimu aliagiza wakimbizi wasimame ili atuhesabu. Tulisimama wawili. Hakukusudia ubaya, lakini kwa miaka minne iliyofuata sikuwa na jina jingine.

Wakihitaji kisa, nawapa cha bibi yangu. Kila mwaka alilima mahindi na maharage, lakini alikataa katakata kupanda mgomba, kwa kuwa mgomba ni wa mtu aliyekusudia kukaa, naye aliamini kwamba msimu ujao ungemkuta kwao. Mgomba wetu wa kwanza aliupanda mama, nyuma ya choo, ili bibi asiuone.

Mwalimu mstaafu, Kasulu:
Naunga mkono. Yapo mengi ambayo wanafunzi wanaweza kuyachunguza bila kumhitaji shahidi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, Wakongo walipokimbia vita, na watoto wa humo wamekuwa wakisoma kwa mitaala ya Kongo na Burundi, kwa Kifaransa. Hivyo kijana aliyezaliwa hapa hapa wilayani huweza kumaliza shule bila kufanya hata mtihani mmoja wa Tanzania. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka awe na kibali ndipo atoke kambini. Wajadili hayo: mtu wa umri wao anapangaje maisha katika hali hiyo?

Msomaji wa Pemba:
Waambieni pia kwamba Watanzania nao wamewahi kukimbia. Baada ya umwagaji damu wa Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa upinzani Zanzibar, Wapemba wapatao elfu mbili walivuka bahari kwa majahazi hadi Shimoni, Kenya, na huko wakapokewa kama wakimbizi. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia, maana mwanafunzi akishajua kwamba hata mwenye pasi kama yake amewahi kulala chini ya turubai ugenini, hatalitamka tena neno lile kwa wepesi.

Mlezi wa klabu, Kigoma:
Ahsanteni sana. Tumekutana leo jioni na vijana wamekubali kuanza na Shimoni, kisha wajadili suala la mitaala na vibali. Kisa cha mgomba kitasomwa bila jina wala mahali, kama ndugu wa Katumba ataridhia. Yule mwenzao hajaambiwa lolote kuhusu pendekezo la awali.