Simu haina pa kuweka memori kadi: ulipoteza nini, ulikipataje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Gongolamboto: Wakuu, kijana wangu kaleta simu mpya leo, nimeigeuza kila upande natafuta pa kuchomeka memori kadi. Hakuna. Trei ni ya laini mbili basi. Nimekumbuka 2019, simu ilinizimikia stendi ya Ubungo, haikuwaka tena, picha zote za bibi zikaenda nayo. Tangu hapo kila Jumapili nahamishia vitu kwenye flashi kwa waya wa OTG, ule mfupi wa kuchomeka flashi kwenye simu. Ninyi mnafanyaje?

Kinyozi Tandika: Memori kadi ndiyo ilikuwa dawa. Simu ikifa unachomoa unaondoka na mali yako.

Binti Makorora: Dawa gani? Yangu ya GB 32 iliamka siku moja inataka kufomatiwa. Na ukishaiunganisha iwe memori ya simu, ukiichomoa haisomeki kwingine.

Kinyozi Tandika: Ulinunua feki.

Binti Makorora: Risiti ninayo. Usiniambie feki.

Mama Nuru: Naomba niseme langu. Baba alifariki Machi. Miezi ya mwisho vidole vilikuwa havina nguvu ya kuandika, akawa ananitumia sauti WhatsApp. Nyingine ni kikohozi kirefu, kisha "mwanangu, umekula?" Sikufuta hata moja. Juzi simu ikaingia maji nikiwa kwenye pantoni ya Kigamboni, ikafa. Nikanunua nyingine, kijana wa dukani akaniwekea WhatsApp. Ikauliza kama irudishe nakala ya zamani ya mazungumzo iliyohifadhiwa mtandaoni, akabonyeza kuruka eti itamaliza bando. Mimi nahesabu hela, sikuona. Usiku nimefungua kumsikiliza baba, hakuna kitu. Nimekaa sakafuni jikoni mpaka adhana ya alfajiri.

Mtoto wa Uyole: Dada pole sana. Nimelia.

Fundi Msimbazi: Dada, usichezee hiyo simu. Futa WhatsApp, iweke upya kwa namba ileile na akaunti ileile ya Google ya simu ya zamani, maana nakala imehifadhiwa humo. Itauliza tena, safari hii kubali.

Binti Makorora: Kwanza aangalie kama nakala mpya imeshajitengeneza usiku. Ikijitengeneza inafuta ya zamani.

Fundi Msimbazi: Ndiyo maana nasema afanye sasa hivi!

Mzee wa Gongolamboto: Msigombane, mwacheni mama afanye.

Kinyozi Tandika: Na akaunti je? Wengi barua pepe tulifunguliwa na muuza simu, neno la siri analijua yeye.

Mtoto wa Uyole: Yangu ilijaa. Google wanatoa GB 15 bure, lakini barua pepe, picha na nakala ya WhatsApp vyote vinakula humohumo. Mwenye iPhone ana GB 5 tu. Mimi nalipia kila mwezi, silali bila hiyo.

Binti Makorora: Mimi silipii. Laptopu ya ofisini na waya, kwisha.

Kinyozi Tandika: Ofisini wakikuachisha kazi?

Fundi Msimbazi: Na kioo kikigoma kuguswa lakini picha inaonekana, chomekeni mausi kwa OTG mtoe vitu kabla ya kunipa mimi. Kuna mafundi wanariseti, yaani wanafuta kila kitu, bila kuuliza.

Mama Nuru: Nimerudi. Akaunti ilikuwa yenyewe na nakala imekubali, ila ni ya Januari. Ilikuwa imewekwa ijihifadhi kwa Wi-Fi peke yake, na mimi maisha yangu ni bando. Mara ya mwisho kupata Wi-Fi ilikuwa hotelini, harusi ya mdogo wangu. Sauti za Februari hazimo.

Fundi Msimbazi: Badilisha hiyo leo, ruhusu na data.

Mzee wa Gongolamboto: Mama Nuru, baba hakuwahi kutuma kwenye kundi la familia? Waulize wenzako.

Mama Nuru: Kaka yuko Muscat, hajawahi kufuta kitu. Amenitumia nne sasa hivi. Ya pili ni ile ya "umekula?" Mzee, huo waya wa OTG unauzwa duka gani?