Ukumbi wa jumuiya kuwa "wa kijani": mfadhili anataka sola na paa letu ni la asbesto, tunaanzia wapi?

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Nipo kwenye kamati ya jumuiya moja hapa Dar, sio ya biashara, ukumbi wetu upo tangu kabla ya uhuru, asubuhi chekechea, jioni vijana wanapiga ngumi, Jumamosi harusi, na wazee wetu wamesomewa hitma humu humu ndani. Sasa kapatikana mfadhili wa kulifanya jengo liwe rafiki wa mazingira. Wajumbe wengi wanataka sola kilowati 10 juu na AC ndani, picha zipigwe, tumemaliza. Mimi nasema hela yote iende kwenye paa, jiko na kupitisha hewa kwanza, sola ije mwisho au isije kabisa. Paa lenyewe ni lile la asbesto la zamani, hivi unatoboaje asbesto ufunge vyuma vya paneli wakati watoto wa chekechea wako chini? Nipingeni kwa hoja lakini.

Mlipa LUKU
Mkuu unakwamisha maendeleo. Kwa jua la Dar kilowati moja ya paneli inakupa kama uniti 4 kwa siku, kwa hiyo 10 ni uniti 40, zidisha kwa shilingi 356 za T1 (bei ya uniti kwa watumiaji wa kawaida) ukiweka na VAT na tozo ya REA ya umeme vijijini, unaongelea elfu 14 kila siku ya Mungu. Hiyo si ada za watoto? Mnapewa bure bado mnachagua.

Mleta mada
Elfu 14 ni kama tunazitumia zote. Uniti zako zinatoka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, chekechea inatumia feni nne na taa mbili, sisi tunawasha kila kitu Jumamosi usiku jua lishazama, kwa hiyo ongeza betri, na betri baada ya miaka kadhaa mfadhili hayupo unanunua mwenyewe. Halafu tukiongelea mazingira kweli kweli, gridi ya taifa sasa ivi ina Bwawa la Nyerere, megawati 2115 za maji ya Rufiji. Moshi wetu mkubwa hauko kwenye umeme wa LUKU, uko uani kwenye kuni na kwenye lile jenereta la dizeli. Serikali inasema 2034 asilimia 80 ya watu wawe wanapika kwa nishati safi, sisi bado mafiga nyuma ya choo.

Fundi
Naongezea hapo kwenye asbesto maana watu wanachukulia poa. Likiwa zima limetulia halina neno sana, shida ni drili na msumeno, lile vumbi linaingia mapafuni na kansa yake inakuja kujitokeza baada ya miaka 20 au 30, hakuna atakayekumbuka ni sola ya nani. Linateremshwa zima zima limelowanishwa, linafungwa nailoni, ni taka hatarishi, kapigeni hodi NEMC, lile baraza la mazingira, kwanza msimwite kijana wa mtaani na nyundo. Kuhusu AC, hayo madirisha yenu si ya luva? Mtayaziba yote. Kipindi cha kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto linatoka juu, wekeni bati jeupe, dari, na matundu ya kutolea hewa kule juu kwenye kuta za pembeni, feni zinatosha.

Mpishi wa shughuli
Nyie kaka zangu mmeona suala la jiko ni dogo eti. Mimi napika kumbi kama hizo. Pilau la watu 400 kwa gesi linapikika sikatai, ila linataka jiko la chuma la maana na mitungi ya kilo 38, na ukishakauka mchele utapalia na nini? Makaa juu ya mfuniko ndo pilau lenyewe hilo. Na gesi nani analipa, mwenye ukumbi? Atamuongezea mwenye harusi, na mwenye harusi atanikata mimi.

Mlipa LUKU
Sawa paa nimekubali, hilo sikulijua uzito wake. Ila mfadhili akisema paneli au basi?

Mleta mada
Tutamwandikia kwamba paa ndo msingi wa hizo paneli, akikataa abaki na hela yake, jengo limesimama miaka yote bila yeye. Dada mpishi hoja yako ya kupalia ni nzito kuliko za kamati nzima, kuni za kuchemshia zikiondoka na makaa kidogo ya kupalia yakabaki mimi sina ugomvi. Bei ya gesi ndo sijapata jibu, labda jumuiya ilipie mtungi wa kwanza. Kamati inakaa Jumapili, mwenye ukumbi ulioshaweka majiko makubwa ya gesi atuambie amenunua kwa shilingi ngapi na wapishi wamegoma au hawajagoma.