Mrejesho: Kemia ya kidato cha tatu na maji ya kisimani
Ndugu walimu, mwezi uliopita niliuliza nifanye nini ili wanafunzi wangu wa hapa Arusha waache kukariri kemia kama shairi, na wengi mlinishauri nianzie kwenye maji wanayokunywa. Nilianza na floraidi, aina ya madini yanayoyeyuka kwenye maji, kwa kuwa miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru huiachia kwenye chemchemi na visima vyetu, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe. Hapo madoa ya kahawia kwenye meno ya baadhi ya wanafunzi, ambayo huletwa na floraidi ikizidi, yakapata maelezo.

Nakiri kosa moja: sikufikiria kwamba wenye madoa hayo wangeona haya, na msichana mmoja aliufunika mdomo kipindi kizima. Kipindi kilichofuata nilianza na meno yangu mwenyewe, maana nami nimekulia huku, na darasa likachangamka.

Swali lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa kwa nini kuchemsha hakusaidii. Walishangaa kuona kwamba maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kukolea. Kutoka hapo tuliingia kwenye kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao madini yake ya kalsiamu na fosfati huinasa floraidi, na mwanafunzi mmoja akauliza, bila kuchokozwa, kuhusu magadi ya kulainishia maharage, ambayo nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Mtihani wa mwezi bado. Nikishausahihisha nitaleta matokeo.