Likizo ya Juni: warsha ya maigizo, darasa la kuandika la Jumamosi, au Bagamoyo?

Mama Nasra
Habari za jioni wapendwa. Nina wawili. Nasra ana miaka 13, anajaza madaftari kwa hadithi na hataki mtu azisome. Mdogo wake ana 9, hakai kitako hata dakika tano. Shule zikifungwa sitaki washinde kwenye simu. Hapa Dar nimepata warsha ya maigizo Masaki, wiki mbili, kila asubuhi, 250,000 kwa mtoto, na siku ya mwisho wazazi tunaalikwa kuona onyesho. Kuna pia darasa la kuandika Mikocheni, Jumamosi nne, watoto kumi tu, 60,000. Halafu shangazi yao anakaa Bagamoyo, anasema niwalete tu, kule sanaa imejaa. Nani amewahi kupeleka mtoto?

Baba Imani
Mwaka juzi nililipia warsha ya namna hiyo, kituo sikitaji. Onyesho lilipendeza kweli: mavazi, taa, picha tukapiga. Mwanangu alikuwa mti wa pili. Siku kumi, mti! Watoto 34 kwa wakufunzi wawili, na tangu siku ya tatu kazi ikawa kukariri maneno ambayo mtu mzima alishayaandika. Wenye sauti wakapewa sehemu, waliobaki wakawa msitu. Kabla ya bei, uliza igizo linaandikwa na nani.

jukwaani_daima
Baba Imani, umenichekesha na huo msitu, ila usitupake matope sote. Nafundisha watoto maigizo. Onyesho halina kosa, kosa ni kuanza kuliandaa siku ya kwanza. Kwangu siku nne za mwanzo hakuna karatasi. Tunacheza igizo bubu, kisha mtoto anapewa kiti, anakigeuza bajaji, mwenzake anapanda, wanagombana nauli. Maneno yanazaliwa hapo hapo. Siku ya tano ndiyo tunaandika yaliyotokea. Kwa huyo wa miaka 9 hii ni dawa. Mkufunzi mmoja kwa watoto 12 inatosha, wakizidi unakuwa mlinzi.

Mwl. Kibwana
Mbona mmeisahau ngonjera? Ndiyo inayoweza kuwaweka pamoja hao wawili, mmoja wa kalamu na mwingine wa miguu. Marehemu Mathias Mnyampala aliieneza baada ya Azimio la Arusha la 1967, na shuleni ikabaki kuwa kitu cha mgeni rasmi, watoto wamepanga mstari wananyoosha mikono kwa pamoja. Mwondoe mgeni rasmi, utabaki na igizo kamili: mmoja anadai, mwenziwe anapinga, mpaka mmoja akubali.

Likizo iliyopita niliwapanga wawili wawili, konda na mwanafunzi. Hakuna mtoto wa Dar asiyeujua ugomvi huo. Kila mmoja aliandika beti za upande wake tu, mistari minne, mizani, yaani silabi, kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho. Mizani iliwatoa jasho. Lakini mtoto aliyehangaika nusu saa kutafuta neno la mizani tatu linaloishia na "-ni" amepita kwenye msamiati mwingi kuliko zoezi lolote nililowahi kumpa ubaoni. Konda mmoja alikataa katakata kushindwa, tukalazimika kuongeza beti mbili za trafiki. Wa miaka 9 wasamehe mizani, wabaki na vina.

kijana_upanga
Shikamooni. Mimi nina 17, naomba nimsemee Nasra. Darasa la kwanza nililopelekwa, mwalimu alichukua daftari langu akasoma hadithi yangu mbele ya wote bila kuniuliza. Sikuandika tena mpaka Krismasi. Darasa la pili tulikuwa tunaandika dakika 15 bila kuinua kalamu, halafu zamu ikifika unasoma au unasema "napita". Nilipita wiki tatu. Ya nne nikasoma. Mama Nasra, waulize kama kupita kunaruhusiwa.

Da Zuhura
Mie wa Bagamoyo. Shangazi hakudanganya, ngoma na mazoezi utayasikia, ila TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapa, ni chuo, watu wanasomea astashahada na stashahada. Kozi fupi zipo, uliza umri kabla hujafunga mizigo. Na tamasha la sanaa la hapa halifanyiki Juni, wasije wakalisubiri ufukweni.

Mama Nasra
Shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu wa Upanga, asanteni wote. Leo nimepiga simu. Masaki nimeuliza igizo linaandikwa na nani, nikajibiwa lipo tayari, la Kiingereza, linahusu watoto waliopotea kwenye theluji. Nikashukuru, nikakata. Mikocheni kupita kunaruhusiwa, Nasra anaanza Jumamosi. Jukwaani, nakufuata pembeni unielekeze unapofundisha, maana nilimsimulia huyu mdogo habari ya kiti na bajaji, na sasa viti vyote vya sebuleni vina namba za usajili na mimi nadaiwa nauli nikitaka kukaa.