Nitaitambuaje sanamu ndogo ya papa au taa iliyo sahihi kabla ya kuinunua?

Mtoto wa Jarife (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikikusanya sanamu ndogo za papa na taa (wale samaki bapa wenye mkia mrefu), zile za plastiki zilizotengenezwa kwa kufuata umbo halisi la mnyama, na kabati langu limefikisha sanamu 31. Mapenzi haya niliyapata kwa marehemu baba yangu, aliyevua papa kwa jarife, yaani wavu wa papa, na kutuzoesha tangu utotoni kumtambua kila mmoja kwa pezi na mkia wake kabla hajapakuliwa kwenye mashua. Nyumba yetu ilikuwa ikinuka sifa muda wote, kwa sababu mafuta ya maini ya papa ndiyo tuliyokuwa tukipaka mbao za chombo. Baadhi ya papa na taa aliowaleta pwani enzi zile leo ni adimu mno, nami ninatamani maumbo yao yabaki nyumbani mwangu, madogo lakini ya kweli.

Mwezi uliopita niliagiza kwa njia ya intaneti sanamu iliyoandikwa jina lenye maana ya papa chui. Nilitarajia kumpata yule papa wetu wa miambani mwenye madoa, ambaye mkia wake unakaribia kulingana na kiwiliwili chake kwa urefu. Sanamu ilipofika, niliona mkia mfupi na mabaka mapana mgongoni, na baada ya kusoma nikagundua kwamba huyo ni papa wa pwani ya California, *Triakis semifasciata*, wakati wa kwetu ni *Stegostoma tigrinum*. Muuzaji hakunidanganya, kwa kuwa jina hilo moja hutumika kwa wote wawili, lakini fedha yangu ilikwenda kwa mnyama ambaye baba hakuwahi kumwona.

Kuanzia sasa nimeamua kukusanya aina zinazopatikana kati ya Lamu na Mtwara peke yake. Ninaomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, mtu anayetazama picha ya muuzaji aangalie nini ili ajue kwamba sanamu ni sahihi? Pili, je, ni lazima sanamu zote ziwe katika skeli moja, yaani zipunguzwe kwa kiwango kilekile kutoka ukubwa halisi wa mnyama? Potwe wangu, ambaye baharini ndiye papa mkubwa kuliko wote, ni mfupi kuliko papa mweupe anayesimama kando yake, na kila ninapolifungua kabati jambo hilo linanisumbua.

---

Binti Kilindoni

Kaka, pole kwa hasara hiyo, na hongera kwa uamuzi wa kubaki na wanyama wa bahari yetu. Mimi ni mwenyeji wa Mafia, na kuanzia Oktoba hadi Machi huwa ninawapeleka wageni kuwaona potwe mbele ya Kilindoni, hivyo nitaanza na huyo ninayemfahamu zaidi.

Potwe, ambaye ndugu zetu wa Kenya humwita papa shilingi, ana mdomo mpana ulio mbele kabisa ya kichwa, tofauti na papa wengi ambao midomo yao iko upande wa chini. Ubavuni ana matuta marefu yanayotoka karibu na kichwa kuelekea mkiani, na tuta la chini kabisa ndilo linaloishia kwenye shina la mkia. Madoa yake meupe hayakutawanyika ovyo, bali yamepangwa pamoja na mistari hafifu kama vyumba vya ubao wa bao. Sanamu iliyonyunyiziwa nukta nyeupe bila mpangilio, juu ya mgongo usio na matuta, mimi siihesabu kuwa potwe hata ikiwa na jina lake. Mpangilio wa madoa nyuma ya matamvua (viungo vyake vya kupumulia) ndio watafiti wanaoupiga picha ili kumtambua potwe mmoja mmoja, kwa hiyo si pambo la kupuuzwa.

Kwa sanamu nyingine yoyote, mwombe muuzaji picha ya tumbo. Watengenezaji wengi hutumia nguvu zao zote mgongoni, mahali ambapo jicho la mnunuzi hutua kwanza, na tumbo huachwa tupu kama sabuni. Taa lazima awe na jozi tano za nyufa za matamvua chini ya mwili, na kwa walio wengi mdomo na matundu ya pua viko hukohuko chini. Kwa papa, nyufa hizo ziko ubavuni, na kwa walio wengi ni tano kila upande. Baada ya hapo tazama mapezi ya tumboni: dume ana vijiti viwili vya uzazi vinavyoelekea nyuma, na jike hana. Potwe wengi wanaokuja kwetu ni madume ambao hawajapevuka, ndiyo maana nilifurahi sana nilipopata sanamu yenye vijiti hivyo vikiwa bado vifupi.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito. Watengenezaji wanapenda mno kumchonga papa akiwa ameachama. Mfano ulio wazi zaidi ni yule papa wa kina kirefu mwenye pua ndefu kama jambia, *Mitsukurina owstoni*, ambaye taya zake huchomoka mbele kwa ghafla anaponasa windo, kisha zikarudi ndani. Sanamu zake nyingi humwonyesha taya zikiwa nje, na watu wengi wameamini kwamba hiyo ndiyo sura yake ya siku zote. Siku nzima potwe na papa wengine ninaowaona majini hupita taratibu bila kutisha, na ninatamani sanamu nazo ziwape heshima hiyo.

---

Mzee wa Nyali

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Nitajibu lile la skeli, kwa kuwa nilikuwa mchoraji wa ramani za majengo kabla ya kustaafu.

Usijilazimishe kuwa na skeli moja, kwa sababu hesabu yenyewe haikubali. Chukua skeli ya 1:20, yaani sentimita moja ya sanamu kwa sentimita 20 za mnyama. Papa mweupe wa mita 4.5 atakuwa na sentimita 22.5, jambo ambalo ni zuri kabisa. Papa mdogo wa miambani mwenye ncha nyeusi, wa mita 1.5, atakuwa na sentimita 7.5, naye bado anaonekana vizuri. Potwe wa mita 12 katika skeli hiyohiyo atakuwa na sentimita 60, na sijui kabati gani litampokea. Ukija kwa yule taa mdogo mwenye madoa ya buluu, *Taeniura lymma*, ambaye upana wake ni kama sentimita 35, utabaki na kitu cha chini ya sentimita mbili, na hakuna mkono utakaoweza kumpaka madoa yake kwa usahihi.

Mimi nimegawa kabati kwa rafu. Rafu ya juu ina potwe na taa wakubwa wa aina ya manta kwa skeli ya 1:40, ya kati ina papa wa 1:20, na ya chini ina taa wadogo wa 1:5. Pembeni ya kila rafu nimeweka umbo la mtu lililokatwa kwa mbao katika skeli ileile, ili mjukuu anayetazama aelewe mara moja ukubwa wa mnyama. Ukipima sanamu, gawanya urefu halisi wa mnyama kwa urefu wa sanamu, ukihakikisha vyote viko katika sentimita, na jibu liandike chini ya kitako chake. Potwe wako akionekana mdogo kuliko papa mweupe, mhamishie rafu nyingine na utapata amani.

Nyongeza kuhusu huyo taa mwenye madoa ya buluu: wako wawili wanaochanganywa sana. *Taeniura lymma* ana mistari miwili ya buluu inayofuata mkia, ilhali yule mwingine, wa jenasi ya *Neotrygon*, ana utepe mweusi unaopita machoni na mkia wenye pingili nyeusi na nyeupe. Nimekwisha kuona sanamu yenye kichwa cha mmoja na mkia wa mwingine.

---

Msafiri wa Hamburg

Shikamoo Mzee wa Nyali, na salaam kwa wote.

Ninaishi Ujerumani, ambako sanamu hizi ni rahisi kuzipata, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu watengenezaji. Schleich na Bullyland ni wa hapahapa Ujerumani, Papo ni wa Ufaransa na Safari Ltd ni wa Marekani. Safari pia huuza papa wadogo wengi ndani ya bomba moja la plastiki. Hao wanamfaa mtoto anayeanza, ingawa maelezo ya miili yao ni machache. Kwa aina zisizo za kawaida ninawapenda zaidi CollectA, ambao walithubutu kumtengeneza hata *Megachasma*, yule papa mwenye kinywa kikubwa ambaye sayansi haikumjua mpaka alipokamatwa karibu na Hawaii mwaka 1976. Wajapani nao wana historia ya pekee katika kazi hii. Kaiyodo, kiwanda cha mkoa wa Osaka, ndicho kilichochonga wanyama wadogo waliouzwa ndani ya mayai ya chokoleti kuanzia mwaka 1999, na Colorata hutoa masanduku ya sanamu yanayokuja na kijitabu cha maelezo. Ukiagiza kwa yeyote kati yao, tafuta kwa jina la kisayansi, na utaepuka mkasa wa papa chui.

Ninachotaka kukuonya ni joto. Sanamu nyingi ni za plastiki laini ya PVC, na katika hali ya hewa ya Tanga pezi refu au mkia wa taa hupinda wenyewe ukiegemea ukuta wa kabati. Nilipowaletea wadogo zangu zawadi Dar es Salaam, sanamu yangu ya pungu, taa mwenye mkia mrefu, ilishinda siku moja ndani ya gari na mkia wake ukawa kama ndoana. Dawa yake ni kuizamisha sehemu iliyopinda ndani ya maji ya moto, yasiyochemka, kwa dakika moja au mbili, kuinyoosha polepole kwa vidole, kisha kuitia mara moja katika maji baridi ili ishike umbo. Ukiona sanamu inaanza kunata, ujue mafuta yanayoilainisha plastiki yanatoka. Ioshe kwa sabuni isiyo kali, na usiifungie tena ndani ya mfuko wa nailoni. Jua la dirishani nalo hula rangi, hasa buluu na kijivu.

---

Mtoto wa Jarife (Tanga)

Shikamoo Mzee wa Nyali, na ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Jana usiku niligeuza sanamu zote 31 matumbo juu. Saba hazina nyufa za matamvua, na taa wangu mmoja hana hata mdomo. Nimezitenga kwenye sanduku, nitampa mtoto wa jirani azichezee.

Limebaki swali moja. Ninamtafuta papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili kama msumeno, ambaye baba alimpata mara mbili tu katika maisha yake yote, na ambaye kwa sasa biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Sanamu nilizoziona madukani zina misumeno inayofanana yote, na siwezi kujua ni aina ipi.

---

Fundi wa Shela

Ndugu yangu, huyo nakushauri umchonge, au uchongewe. Mimi ni seremala, na nimeshamchonga mara tatu kwa mbao laini, nikimalizia mapezi kwa epoksi ya kukanda na kumpaka rangi ya akriliki.

Kwanza uondoe shaka moja. Papa upanga, ijapokuwa anaitwa papa, yumo katika kundi la taa, na nyufa za matamvua yake ziko chini. Ukiona sanamu yenye nyufa ubavuni na sharubu mbili katikati ya msumeno, huyo ni samaki mwingine kabisa, ambaye ni papa kweli.

Aina mbili za kwetu hutofautishwa hivi. *Pristis pristis* ana meno machache yaliyoachana, kati ya 14 na 24 kila upande wa msumeno. Pezi lake la kwanza la mgongoni huanza mbele ya mapezi ya tumboni, na mkia wake una ncha ndogo ya chini. *Pristis zijsron* ana meno mengi zaidi, 23 hadi 37 kila upande, pezi lake la kwanza huanza nyuma kidogo ya mapezi ya tumboni, na mkia wake hauna ncha ya chini. Kwa mnyama wa mita tano katika skeli ya 1:20 utahitaji kipande cha sentimita 25, na msumeno uchukue sentimita tano au sita. Meno nilitengeneza kwa vijiti vya kuchokolea meno, nikitoboa kila tundu kwa sindano iliyopashwa moto, nayo ni kazi ya siku mbili.

Je, unakumbuka meno ya yule wa baba yako yalikaaje?

---

Mtoto wa Jarife (Tanga)

Fundi, msumeno wa yule wa pili ulining'inizwa juu ya mlango wa babu yangu Pangani, na bado upo. Leo asubuhi nimempigia shangazi simu na kumwomba ahesabu. Una meno 19 upande wa kulia na 18 upande wa kushoto, pamoja na tundu moja lililo wazi ambapo jino lilianguka, na yanaachana kwa upana wa vidole viwili. Kwa maelezo yako, basi, ni *Pristis pristis*. Jumamosi nitakwenda Pangani kuupima msumeno wote na kuupiga picha pande zote mbili, kisha nitakuletea vipimo hapa, unipe bei ya mchongo wa 1:20. Lile tundu lisilo na jino ninaomba uliache hivyohivyo.