Polar Airlines ya Yakutia: An-24, L-410 au Mi-8?

Mpenda_Anga: Wadau, nafuatilia Polar Airlines, shirika dogo la serikali ya Yakutia, Urusi, lenye makao Magan karibu na Yakutsk. Wana ndege za propela An-24, An-26 na L-410, helikopta za Mi-8, mpaka An-2 za mabawa mawili. Ungekuwa wewe ndiye unayepanga ratiba, ungetegemea ipi?

Fundi_Injini: An-24, na sibishani na mtu. Inabeba abiria karibu 50, mabawa yako juu, kwa hiyo propela haziparamii changarawe. Aina ya RV ina kainjini ka jeti upande wa kulia, kanakosaidia kuwasha zile kubwa na kuipa nguvu ikiruka. Baridi ya kule inapita nyuzi 40 chini ya sifuri: injini zinafunikwa mablanketi, na mabomba manene ya mpira yanapuliza hewa moto ndani kabla ya safari.

BintiGoma: L-410 huku kwetu Kongo tunaijua. Viti 19, viwanja vifupi haiviogopi. Yakutia ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 3, inaipita hata DRC, ila watu ni kama milioni 1 tu. Viti 50 utamjazia nani kijijini?

Mzee_Rada: Fundi, na uzee je? Kiwanda cha Kyiv kiliacha kuunda An-24 mwaka 1979. Ile ya Angara, shirika jingine la Urusi, iliyoanguka karibu na mji wa Tynda, mashariki ya Urusi, Julai 2025, wakafa wote 48, ilikuwa ya 1976. Najua Angara si Polar, lakini ndege ni ileile.

Fundi_Injini: Mzee, mbadala uko wapi? Il-114-300, ndege mpya ya Kirusi, inasubiriwa miaka nenda miaka rudi. L-410 asili yake Czech, na tangu vikwazo vya 2022 kupata vipuri ni kasheshe.

Kipanga: Mbona Mi-8 mmeipita hivihivi? Wakati wa baridi mito iliyoganda ndiyo barabara; barafu ikianza kukatika Mei, mto haupitiki kwa gari wala kwa boti, na viwanja vya udongo vinageuka tope. Hapo helikopta ndiyo basi, ndiyo ambulensi, ndiyo posta. Inakunywa mafuta kweli. Bila ruzuku ya serikali nauli hizo nani angezimudu?

BintiGoma: Mizigo nayo hamjaitaja. An-26 ina mlango mkubwa nyuma, na An-26-100 inapanga viti au inabeba shehena kadiri ya safari. Kwa vijiji visivyo na barabara ya kiangazi, mimi ningeanza na hiyo.