Mjadala: Mjane akilia tunamkemea, sufuria la hitima hatulihoji

Mtoa mada

Asalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Kuna jambo limenikwama kooni tangu tulipomzika mjomba, Tanga, na leo nalitema hapa mnirekebishe.

Siku ya pili ya msiba nilikaa karibu na pazia la chumba walichokuwamo wanawake. Mkaza mjomba alikuwa akilia, si kwa ukelele, kile kilio cha mtu aliyeishiwa sauti. Bibi mmoja akamwinamia: "Nyamaza mwanangu, unamwadhibu mwenzio kaburini." Akanyamaza, akauma ncha ya mtandio. Uani nako, mtoto wa marehemu ameshika kidaftari: mchele gunia, mafuta dumu, viazi, nyama ya mkopo. Kalamu sikioni, macho makavu, anahesabu watu waliomo turubaini. Siku ya tatu tukasoma hitima, ile Qurani na dua za kumwombea marehemu, tukala pilau, tukanawa, tukaenda zetu. Deni la bucha alikuja kulimaliza miezi mitano baadaye.

Hoja yangu ni kwamba tumeshika kinyume. Chozi lina ruhusa, tunalikataza. Mfiwa kupikia watu ndiko kwenye maneno, tunakuona heshima. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), mwaka wa 10 Hijria, Mtume alilia mbele za watu, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Na binamu yake Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muta, mwaka wa 8, Mtume aliamuru watu wawapikie jamaa wa Jaafar, maana limewafika la kuwashughulisha. Wapikiwe wao! Sisi ndio tunaokwenda kupikiwa.

Babu wa Ngamiani

Waalaykum salaam. Mwanangu, usiharakishe. Huyo bibi hakuzua. Hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kilio cha watu wake ipo, kaipokea sahaba Umar na mwanawe Abdallah. Ama chakula, watu wametoka Lushoto, wametoka Pangani, wengine wamevuka mpaka kutoka Mombasa. Walale na njaa? Tena ile ni sadaka. Sahaba Saad bin Ubada alimuuliza Mtume kama sadaka itamfaa mama yake aliyekwisha kufa, akaambiwa ndiyo, akatoa shamba lake. Hitima tumezikuta kwa masharifu na mashehe waliotusomesha. Nyinyi mmesoma wapi?

Ummu Salim

Shikamoo babu. Hadithi ipo, ila imalizie. Bi Aisha, mke wa Mtume, ilipomfikia aliikataa kwa aya: wala mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Na walioikubali, wengi wao wamesema kilichokusudiwa ni niyaha, tena kwa mtu aliyeusia mwenyewe aliliwe hivyo, kama walivyofanya Waarabu wa zama za ujinga. Niyaha ni mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo, na zile "nguzo yangu, umeniachia nani". Chozi si niyaha. Mtume alipopewa mjukuu wake anayekata roho, machozi yalimtoka. Saad huyo huyo uliyemtaja akashangaa, akauliza nini hii, ewe Mtume wa Allah? Akajibiwa kuwa ni rehema Allah aliyoiweka katika nyoyo za waja wake.

Mimi nimekaa eda, ule muda wa mjane kujizuia baada ya kufiwa na mume. Miezi 4 na siku 10 za Qurani sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni ile nyongeza: usijitazame kioo, usilale kitandani, usioge mpaka jua litue, usiseme na mwanamume hata muuza duka. Nikiuliza aya naambiwa "ndivyo tulivyokuta". Kioo sikuruhusiwa kukishika, lakini ungo wa kupepeta mchele wa hitima niliwekewa magotini.

Mpita njia

Na sisi wanaume je? Hatukatazwi kulia, tunachekwa. Narudi makaburini kumzika baba naambiwa "jikaze, wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa". Nilikuwa na miaka 15.

Mtoa mada

Babu, kwa heshima zote. Mgeni aliyetoka mbali na hana budi kulala, hilo hata wakali wanalikubali. Lakini lile turubai lilijaa watu wa mtaa wa pili.

Umetaja mashehe. Wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, sivyo? Basi Imamu mwenyewe kaandika kwamba anachukia matanga, hata kama hakuna kilio, kwa kuwa yanafufua huzuni na kuwatwika wafiwa gharama. Na sahaba Jarir bin Abdallah kasema walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kupika chakula baada ya maziko kuwa ni niyaha. Kwa kipimo hicho, niyaha ya msiba ule haikuwa chumbani kwa mkaza mjomba, ilikuwa uani, kwenye mafiga. Hata hao mashehe hawakuwa na kauli moja. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kupinga mambo haya miaka ya 1970, na alipingwa vikali.

Mtume aliweka kikomo cha kuomboleza siku tatu, isipokuwa mke kwa mumewe. Sisi siku ya tatu tunaanua tanga, siku ya saba tunalitweka tena, na arobaini tunalitweka kubwa zaidi.

Ama sadaka, hutolewa na mwenye mali kwa ridhaa yake. Mjomba kaacha watoto wawili wadogo. Gunia la mchele lilinunuliwa kwa pesa iliyokutwa kabatini mwake. Zilikuwa za nani? Suratun Nisaa aya ya 10 inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Nami nilikula, nikaongeza na sahani ya pili.

Babu wa Ngamiani

La yatima umenishika, sina jibu. Ila nami nikwambie nililoliona. Mwaka juzi nimemzika ndugu yangu Dar. Hakukupikwa. Wametoka makaburini, kila mtu kaingia garini mwake. Saa kumi jioni mjane kabaki na dada yake na viti vya kukodi. Ukiondoa sufuria, nani atakaa naye?

Ummu Salim

Majirani, babu. Mtaani kwetu Makorora tulijaribu mwaka jana. Jiko la mfiwa halikuwashwa siku tatu. Nyumba moja ilileta chai na maandazi asubuhi, ya pili wali na samaki mchana, sisi usiku. Masinia yalipita kichochoroni yamefunikwa kawa. Na watu walikaa. Mjane alilia mpaka usingizi ukamchukua, hakuna aliyemziba mdomo.

Babu wa Ngamiani

Na arobaini alipika nani?

Ummu Salim

Hatukufanya arobaini. Shemeji zake wawili hawajamsemesha mpaka leo.